Vipepeo Sabini na Wawili wa Mzee Benedikto

Mwaka wa tisini na tano Felista Kobelo alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, bustani ya kabichi na figili mlimani juu ya Bigwa, magoti yaliyoanza kulalamika kwenye mteremko, na adui mmoja. Mmoja tu. Kuna watu wana maadui wengi mpaka hawajui waanze na yupi. Yeye alikuwa na wake, alimjua kwa jina na ukoo, na kila asubuhi alipojitwisha tenga lake la mboga kuteremka mjini alimkumbuka kama mtu anavyolikumbuka jino bovu. Fidelis Mloka. Mtoto wa jirani yake mwenyewe, aliyemsimamia ubatizoni akiwa hajaota jino.

Kisa kilikuwa sanduku. Usicheke. Sanduku lenyewe lilikuwa la mninga, lenye droo sita zilizofunikwa vioo, na kila droo ilikuwa na vipepeo kumi na wawili waliochomwa pini kwa mpangilio. Alilijaza baba yake, mzee Benedikto Kobelo. Kabla ya Uhuru mzee huyo alikuwa akimkamatia vipepeo Bruda mmoja wa misheni, na Bruda aliporudi kwao akamwachia sanduku tupu. Benedikto akalijaza mwenyewe, kwa miaka ishirini, baada ya kulima na kabla ya kulala. Chini ya kila kipepeo aliweka kikaratasi cha penseli: jina alilompa, mahali alipomkuta, mti aliotua, siku. Mwisho, B. Kobelo. Alikuwa mbishi kwa jambo moja: asichokiona kwa macho yake hakukiandika. Kuna kikaratasi kilikaa miaka miwili kikiwa nusu kitupu, kwa sababu hakuwa amemwona kipepeo yule akitaga. Watu walimwona punguani. Yeye akawaambia haya, nendeni mkanywe pombe.

Felista alikuwa mtoto wake wa pekee. Wakati wasichana wenzake wanajifunza kusuka ukili, yeye alikuwa msituni na chandarua chenye mpini wa mwanzi, anafundishwa Padri na Frateri.

Hao wawili ndio waliokuwa fahari ya mzee, kwenye droo ya mwisho, bega kwa bega. Mtu wa kawaida akiwatazama anaapa ni mapacha: weusi wote, wenye mabaka meupe makubwa. Benedikto akamwita mmoja Padri, na mwingine Frateri, kwa sababu huyu wa pili, alisema, kavaa kanzu ileile lakini hajapata daraja. Padri amekulia kwenye kitambaazi chenye utomvu mweupe kama maziwa, na ule uchungu umemwingia mpaka mifupani, kama angekuwa na mifupa. Ndege akimwonja mara moja anapangusa mdomo kwenye tawi na harudii tena maisha yake yote. Ndiyo maana Padri anaruka polepole, anajipepea, hana habari na mtu. Frateri kakulia kwenye majani ya ukoo wa mndimu na hana uchungu hata chembe, ndege angemla kama kumbikumbi. Basi anajivalia kanzu ya mwenzake na kuiga hata ule mwendo wa kizembe. Mtishe uone! Anasahau maigizo yote, anatoka mbio kama mwizi.

Na kichekesho chenyewe ni kwamba Frateri ni mwanamke. Mume wake ana rangi ya maziwa mgando na mikia miwili, wala hajifichi kwa yeyote. Bruda aliposikia jina hilo alicheka mpaka akavua miwani. Felista akamuuliza baba yake kwa nini mke ndiye avae kanzu ya kuazima na mume aende zake hivihivi. "Kwa sababu mayai anabeba nani?" akajibu mzee, na hapo somo likaisha.

Kuwatofautisha ni rahisi, ukiambiwa. Hesabu miguu. Frateri anasimama kwa miguu sita. Padri anasimama kwa minne, ile miwili ya mbele ameikunja kifuani kama anasali. Na jambo la pili, ambalo wakamataji wanalijua kwa vidole: kipepeo anauawa kwa kuminywa kifua mara moja. Frateri ukimminya, amekwenda. Padri ana mwili mgumu kama mpira. Ukimminya mara moja anazimia tu, unamkunja kwenye karatasi ukidhani maiti, kesho ukifungua anakutazama.

Mzee Benedikto akafa mwaka wa themanini na mbili. Hakuacha ng'ombe wala nyumba ya bati. Aliacha lile sanduku, na Felista akaliweka mvunguni, analifuta vumbi kila Jumamosi.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Viwanda mjini vinafunga milango, makarani wanapunguzwa kazini kama mtu anayepunguza matawi ya mwarobaini, na kila aliyepunguzwa akaamka kesho yake ni mkurugenzi. Ukiwa na mhuri na karatasi yenye jina juu, wewe kampuni. Fidelis Mloka alikuwa karani wa ushirika. Mwaka wa tisini na moja akapewa barua yake ya shukrani, na miezi mitatu baadaye akasikia kwamba Wazungu wananunua vipepeo wakavu wa milima yetu kuweka ukutani. Akapanda mlima na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nani kakukumbusha huku?"

Akaeleza. Anafungua kampuni, ila ofisi ya vibali inataka ushahidi kwamba mwombaji anawajua vipepeo. Kama shangazi angemwazima sanduku la marehemu wiki mbili tu, akawaonyeshe, basi kijiji kizima kitapata kazi. Felista akamwonyesha droo moja baada ya nyingine, akamsimulia, wakanywa chai ya ile sukari mpaka jua likaelekea magharibi. Fidelis akaondoka na sanduku begani, na Felista akalifunga kwa nguo yake mwenyewe ya kanisani lisikwaruzwe.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Felista akateremka Mwembesongo kuitafuta ofisi. Akaikuta: chumba kimoja, kalenda, simu, na juu ya kabati, sanduku la baba yake. Chini ya kila kipepeo kulikuwa na kadi mpya nyeupe iliyopigwa taipu. Zote sabini na mbili ziliandikwa hivyohivyo: Uluguru. Mkusanyaji: F. Mloka.

"Fidelis, vikaratasi vya baba viko wapi?"

"Vile vya penseli? Aa, shangazi, nilivitupa. Vilikuwa vimechakaa, wageni wasingevielewa."

"Ulivitupa wapi?"

"Si kwenye taka? Kwani mzee mwenyewe si alishakufa, shangazi? Anavihitaji vya nini?"

Hapo ndipo. Kama unataka kujua chuki ya Felista ilizaliwa saa ngapi, ilizaliwa pale, mbele ya ile kalenda, saa tano asubuhi. Akageuka akaenda zake, na tenga akalisahau mlangoni.

Akaenda serikali ya kijiji. Wakamuuliza, ulimwazima mbele ya shahidi gani? Akaenda kwa katekista. Akaambiwa asamehe. Akasema atasamehe Fidelis akirudisha sanduku na jina la baba yake likiwa ndani, siyo kabla, na kama Mungu ana haraka basi amkumbushe Fidelis kwanza. Toka siku ile kila Jumapili alipiga magoti kwenye benchi la tatu, na watu wakadhani ni mcha Mungu! Alikuwa anaomba nafasi moja. Moja tu, Bwana, nyingine sikusumbui.

Miaka minne hiyo Fidelis akanawiri. Akapata pikapu, tumbo, na cheo: Mtaalamu. Vijiji vyote vya mteremko wanawake walimkamatia vipepeo, naye aliwafundisha kuminya kifua mara moja na kukunja karatasi pembe tatu, mambo aliyoyasikia kwa Felista siku ya chai. "Mtaalamu kasema hivi, Mtaalamu kasema vile." Felista akisikia hivyo alitema mate pembeni. Aibu hakuona.

Basi, Julai mwaka huo wa tisini na tano, siku ya Jumanne, Fidelis akapanda mlima tena. Safari hii hakuja na sukari. Alikuja na viatu vya ngozi vilivyojaa matope na picha ya rangi aliyoichana kwenye kitabu cha Kizungu. Jumamosi kutakuwa na maonyesho kwenye ukumbi wa chuo, Mazimbu. Wanunuzi wa nje watakuwepo, wakubwa wa vibali, na walimu wa chuo. Wanunuzi wanataka jozi arobaini za kipepeo huyu, mume na mke. Waume wenye mikia anao tele. Wake hawaonekani. Wakamataji wa Fidelis wametafuta mwezi mzima wakaleta wanane, tena waliochanika.

"Huyu hapa, shangazi. Mweusi na mabaka meupe. Nakumbuka mzee alikuwa naye."

Felista akaitazama picha. Frateri, wala hakuna shaka. Akamtazama na Fidelis, jasho linamtiririka shingoni, na moyo wake ukacheka kicheko ambacho hakikufika usoni.

"Njoo Ijumaa mchana," akasema.

Kuwapata Mafrateri arobaini kwa siku tatu hata Benedikto asingeweza. Lakini Padri! Padri ana udhaifu wake. Ukiing'oa marejea, ule mmea wa maua ya njano, ukaitundika inyauke kwenye ukingo wa msitu, anaisikia harufu kutoka mbali na anakuja kunyonya kama mlevi kwenye kilabu. Felista akang'oa mafungu sita. Jumatano jioni yalikuwa yamenyauka. Alhamisi asubuhi Mapadri walikuwa wamening'inia pale makumi kwa makumi, unawachukua kwa mkono. Akawaminya kifua mara moja kila mmoja, taratibu, kama Mtaalamu alivyofundisha, akawakunja kwenye karatasi na kuwapanga ndani ya kopo la biskuti.

Jirani yake Bernadeta, ambaye alikuwa anamsaidia kukunja, akasimama na karatasi mkononi.

"Wewe Felista. Hawa si Mapadri?"

"Ndio."

"Na yeye anataka Mafrateri?"

"Ndio."

Bernadeta akakaa chini, akacheka mpaka akashika ubavu. "Utakwenda motoni wewe mwanamke."

"Nitamkuta huko, hatutapishana."

Ijumaa Fidelis akaja. Felista akampa kopo, na kwa sababu alitaka Mungu asikie, akamwambia wazi: "Fidelis, kabla hujawapeleka mbele za watu, fungua ukahesabu miguu. Unayemtaka wewe ana sita ya kusimamia. Akiwa na minne, siye." Akamwambia tena mara ya pili, polepole, kama anavyoambiwa mtoto.

Fidelis akafungua karatasi moja, akaona mabawa meusi yenye mabaka meupe, akaifunga. "Shangazi, mambo ya kuhesabu miguu ni ya watoto wa shule. Mimi kazi hii naifanya mwaka wa nne sasa. Ahsante, eh? Nitakukumbuka."

"Utanikumbuka," Felista akakubali.

Jumamosi yeye na Bernadeta walivaa vitenge vyao vya Pasaka, wakateremka mlima, wakakatiza mji mzima kwa miguu mpaka Mazimbu. Wakakaa viti vya nyuma kabisa. Mbele kulikuwa na meza ndefu karibu na dirisha, jua la asubuhi linaipiga sawasawa. Juu ya meza, sanduku. Felista alipoliona alishika ukingo wa kiti cha mbele yake mpaka mwenye kiti akageuka.

Mwenyekiti wa shughuli alikuwa mwalimu wa wadudu wa chuo, Dokta Zainabu, mwanamke mwembamba mwenye ushungi wa kijani, asiyependa maneno mengi. Akamkaribisha Mtaalamu Mloka. Naye Fidelis akasimama na tai yake, akazungumza juu ya soko huria, juu ya fursa, juu ya elimu yake ya muda mrefu kuhusu vipepeo wa Uluguru, ambao yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliwakusanya kwenye sanduku mnaloliona. Ukumbi ukapiga makofi. Felista hakupiga.

Kisha akafungua kopo. "Hawa, waheshimiwa, ndio wake wa yule mwenye mikia. Adimu sana." Akakunjua karatasi ya kwanza kwa kibano na kumlaza kipepeo kwenye sahani nyeupe mbele ya mnunuzi. Akakunjua ya pili, ya tatu, mpaka sahani ikajaa. Jua likawapata.

Mmoja akapepesa bawa.

"Ni upepo," akasema Fidelis.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Wa pili akajigeuza, akasimama. Wa tatu akatembea juu ya kidole cha mnunuzi. Na kopo nalo, lililokuwa wazi juani, likaanza kuchakarisha karatasi zake lenyewe. Halafu wakaruka! Siyo kwa haraka, Padri hana haraka. Wakainuka mmojammoja, wanajipepea, wakapita juu ya vichwa vya wakubwa wa vibali, mmoja akatua kwenye ushungi wa Dokta, mwingine kwenye kipaza sauti. Fidelis akawa anaruka na tai yake, anawapiga kofi hewani, "Wamekufa hawa! Nawaambieni wamekufa!" na mnunuzi wa Kizungu kalalia meza kwa kicheko.

Raha aliyoipata Felista, loo! Mtu asikudanganye kwamba kisasi hakina utamu. Aliisikia inapanda kutoka kwenye nyayo. Miaka minne ya tenga na magoti na benchi la tatu, yote ikalipwa kwa dakika tano. Bernadeta alikuwa analia machozi ya kucheka. Felista alikaa wima, mikono mapajani, anameza kila kitu kwa macho.

Dokta Zainabu akamchukua yule wa kwenye ushungi, akamgeuza tumbo juu. "Bwana Mloka, huyu ana miguu minne ya kutembelea. Huyu siye. Ulimkamata mwenyewe?"

Fidelis akaangaza ukumbini mpaka akamwona. Akanyoosha kidole. "Ni yule mama mshamba pale nyuma! Nilimtuma, kakosea. Hajasoma, Dokta, hawezi kuwatofautisha."

Felista akasimama. Magoti yake siku hiyo hayakulalamika hata kidogo.

"Sikukosea," akasema. "Hao ni Padri. Uliyemtaka ni Frateri. Nilikwambia jana uhesabu miguu, nikakwambia mara mbili." Kisha akawageukia watu, akawaeleza wote wawili kama baba yake alivyomweleza: utomvu mweupe na majani ya mndimu, uchungu na utamu, mwendo wa kweli na mwendo wa kuiga. Akasema kiwavi wa Frateri ukimgusa anatoa pembe mbili zinazonuka kichwani, na wa Padri hana. Akasema Frateri hujifunga mkanda kwenye kijiti akitaka kugeuka, na Padri huning'inia kichwa chini. Mabawa tu yalikuwa yanasikika kwenye vioo.

"Shikamoo mama," akasema Dokta Zainabu. "Nani alikufundisha?"

"Marahaba. Baba yangu, Benedikto Kobelo. Kazi yake ni hiyo hapo mezani. Nilimwazima huyu wiki mbili, mwaka wa tisini na moja. Akaweka jina lake."

"Mwongo!" Fidelis akapiga kelele. "Hili sanduku langu!"

Dokta hakubishana. Akavuta droo ya pili, akaweka kidole juu ya kioo. "Bwana Mloka, huyu ulimkuta wapi?"

"Uluguru."

"Uluguru wapi? Juu ya mti gani?"

"Uluguru… msituni."

"Mama?"

"Kwenye maporomoko nyuma ya misheni, kwenye mavi ya kima, samahani wazee. Hatui kwenye maua huyo."

Kidole kikahamia kwingine. "Bwana Mloka?"

"Uluguru."

Mtu akacheka. Mara ya tatu Fidelis aliposema "Uluguru" ukumbi mzima ulimsaidia kuitikia, hata mkubwa wa vibali. Fidelis akakaa chini. Shati lilikuwa limelowa mpaka kwenye mkanda.

Watu walipotoka, Dokta akamuuliza Felista anataka nini. Polisi? Mahakama? Felista alikuwa na jibu tayari, amelibeba miaka minne. "Vikaratasi vya baba alivitupa yeye. Aviandike upya yeye. Kwa mkono wake, vyote, mimi nikimtajia. Akimaliza, sanduku likae hapa chuoni, watu walione. Akikataa, ndipo tutakwenda hiyo mahakama."

Fidelis angekataa vipi? Kibali chake kilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wanamcheka.

Jumatatu wakakaa kwenye chumba cha Dokta, watatu. Kadi nyeupe, kalamu ya wino mweusi. Felista akasimama nyuma ya kiti cha Fidelis kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Andika. Jina: Mchungaji wa Mto. Mahali: kisimani kwa Bernadeta. Mti: mkuyu. Mkusanyaji: B. Kobelo."

Akaandika.

"B imelala. Rudia."

Akarudia. Droo ya kwanza ikaisha hivyo, na Felista alihisi kila "Kobelo" inayotoka kwenye ile kalamu ikimwingia kama chai ya moto. Mwandiko wa Fidelis, ule wa karani, ukaanza kupinda. Pinda tu, Felista alisema moyoni, bado sitini.

Kwenye droo ya pili, kipepeo wa nne, Felista akakwama. Mdogo, wa buluu, mwenye ukingo wa kijivu. Jina alilikumbuka. Mahali hakukumbuka. Akamtazama, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama tena. Ngerengere? Baba alikwenda huko mara moja. Au ilikuwa bondeni kwa wajomba? Alikuwa anajua, siku zote alikuwa anajua, kwa sababu kikaratasi kilikuwa pale na alikisoma kila Jumamosi. Sasa kikaratasi hakipo na kichwani ni kweupe.

"Nikisie?" akauliza Fidelis kwa sauti ndogo. "Niandike Ngerengere?"

"Baba yangu hakukisia." Hasira ikamrudia Felista nzima, mbichi kuliko ya siku ya kalenda. "Andika hivi. Mahali: hapajulikani. Kikaratasi kilitupwa na Fidelis Mloka."

Fidelis akamgeukia Dokta. Dokta alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Akaandika. Toka hapo, kila kumbukumbu ya Felista ilipokatika, Fidelis alikuwa anaandika hayohayo. Kwenye droo ya tatu mara tano. Kwenye ya nne mara saba. Alitaka jina lake likae ndani ya sanduku, sivyo? Basi likakaa. Kufika mwisho wa droo ya tano lilikuwa limekaa mara kumi na tisa, na Fidelis alikuwa anafuta macho kwa kiganja kilichojaa wino.

Droo ya sita. Wale wawili walikuwa wa mwisho kabisa. Padri, Felista akamtaja bila kufikiri: njia panda ya Bigwa, kwenye marejea, B. Kobelo. Akabaki Frateri.

Huyo alimkumbuka kuliko wote. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimwachia chandarua kwa mara ya kwanza, nyuma ya jiko lao, kwenye mndimu uliokuwa umekauka upande mmoja. Akamkosa mara mbili, mara ya tatu akamkamata na kuanguka naye kwenye migomba. Mzee alihesabu miguu kwa sauti, moja mpaka sita, akambeba mabegani kuzunguka nyumba. Na kwenye kile kikaratasi, pale pa mkusanyaji, hakuandika B. Kobelo. Aliandika: mwanangu Felista.

Kalamu ya Fidelis ilikuwa inangoja juu ya kadi ya sabini na mbili.

"Mahali?" akauliza.

Felista alivuta pumzi. Akakitazama kichogo cha yule mtu, jasho, kola iliyochakaa, na akaona kwamba hakijatosha. Kumi na tisa hazikutosha.

"Hapajulikani," akasema. "Kikaratasi kilitupwa na Fidelis Mloka."

Fidelis hakuandika. Akageuka polepole kwenye kiti, akamtazama usoni. Alikuwa amesimuliwa. Siku ya chai na sukari, droo hii hii ikiwa magotini mwao, Felista alimsimulia mndimu na migomba na mabega, na Fidelis alicheka akasema kumbe shangazi nawe ulikuwa mtundu. Alikumbuka. Ilionekana wazi machoni kwamba alikumbuka, na kwamba neno moja tu kwa Dokta lingemwokoa kwenye kadi hiyo.

"Andika," Felista akasema.

Fidelis akainamisha kichwa, akaandika. Akaiweka kadi na wenzake ikauke, akaomba ruhusa akaondoka, na pikapu yake ikasikika nje ikiwaka kwa jaribio la tatu.

Siku hizi wanafunzi wa Dokta Zainabu humwita Felista mara mbili kwa mwaka awafundishe. Huteremka na kitenge chake, huwapanga mbele ya droo ya sita, huwaonyesha Padri na Frateri, huwahesabisha miguu. Karibu kila mwaka yupo mmoja anayesoma kadi ya mwisho na kuuliza, mama, na huyu kweli hajulikani alipatikana wapi?

"Hapajulikani," Felista husema, na kuirudisha droo ndani.